Utabiri wa mvua una thamani ya shilingi ngapi?

KILA mwaka Agosti inapoelekea ukingoni, wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga hapo Dagoretti Corner, Nairobi, huanza kutayarisha taarifa ambayo husomwa redioni, ikachapishwa magazetini, kisha ikasahauliwa na wengi kabla ya juma kwisha. Ni utabiri wa mvua ya vuli, ile inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba. Kwa mwenye duka jijini, habari hiyo humkumbusha tu kutafuta mwavuli. Kwa mkulima wa Machakos, Makueni au Kitui, ni suala la chakula cha mwaka mzima, kwa kuwa katika nyanda hizo kavu vuli ndiyo mvua ya kutegemewa kuliko masika.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima anayengoja mawingu amekwisha kuchelewa. Mbegu hununuliwa mapema, ng'ombe wa kulima hukodishwa mapema, na deni la mbolea huandikwa kabla tone la kwanza halijaanguka. Anachohitaji ni dalili ya hayo mawingu yenyewe, wiki kadhaa kabla hayajatanda.

Dalili ya namna hiyo hugharimu fedha. Kuna vituo vya kupimia mvua, rada, kompyuta, na mishahara ya watu waliosomea kazi hiyo kwa miaka mingi. Katika nchi inayostawi, ambako kila shilingi ya bajeti hung'ang'aniwa na hospitali, shule na barabara, mwenye kushika mkoba wa serikali ana haki ya kuuliza habari hizi zinarudisha nini. Swali hilo limezaa tawi zima la elimu ya uchumi, na majibu yake si mepesi kama wafadhili wanavyoyataja katika hotuba zao.

Msingi wa hesabu zote ni mmoja. Utabiri hupata thamani pale unapombadilisha mtu uamuzi, na uamuzi huo mpya ukamletea matokeo bora kuliko yale ambayo angeyapata bila kuusikia. Mzee aliyeazimia kupanda mahindi yale yale, siku ile ile, inyeshe isinyeshe, hafaidi hata senti moja kutokana na utabiri, uwe sahihi namna gani. Wazo hili ni kongwe. Mwanasayansi wa Sweden, Anders Ångström, alilieleza mnamo 1922 alipolinganisha gharama ya kujikinga na hasara ya kutojikinga, na vielelezo vingi vinavyotumika leo ni vitukuu vya hesabu yake.

Hebu msomaji achukulie mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi ili hesabu ionekane. Mkulima ana ekari moja na njia mbili. Ya kwanza ni kupanda mahindi yanayochukua muda mrefu kukomaa na kuyatilia mbolea. Msimu ukiwa mzuri, anabaki na Sh30,000 baada ya kutoa gharama. Ukiwa mbaya, anapoteza Sh10,000. Njia ya pili ni kupanda mbegu inayokomaa haraka pamoja na ndengu, bila mbolea ya dukani. Msimu mzuri humpa Sh15,000 na mbaya Sh4,000. Katika kila misimu kumi, minne huwa mibaya.

Akishikilia njia ya kwanza daima, atapata Sh140,000 kwa misimu kumi, yaani wastani wa Sh14,000 kwa msimu. Akishikilia ya pili daima, wastani ni Sh10,600. Basi mkulima asiye na utabiri wowote, maadamu anajali wastani peke yake, atachagua mahindi ya muda mrefu na kuvumilia miaka mibaya. Lau angepewa utabiri usiokosea kamwe, angebadilisha mbegu kila msimu mbaya unapokuja na wastani wake ungekuwa Sh19,600. Tofauti, Sh5,600 kwa ekari kwa msimu, ndiyo thamani ya juu kabisa ambayo habari za mvua zinaweza kuwa nayo shambani humo. Hakuna rada wala setilaiti itakayoipita.

Utabiri usiokosea, bila shaka, haupo duniani. Na uwepo basi ule unaopatia mara nane katika kumi: kati ya misimu minne mibaya, unaonya kuhusu mitatu na kuukosa mmoja, kati ya sita mizuri, unatoa onyo la bure mara moja. Mkulima anayeufuata atapata Sh167,000 kwa misimu kumi, sawa na Sh16,700 kwa msimu. Amefaidi Sh2,700, karibu nusu ya ile thamani ya juu. Si haba.

Sasa ushushwe upatie mara sita katika kumi: misimu miwili mibaya inaonywa na miwili inakosekana, huku maonyo mawili yakitolewa bure. Msomaji wa haraka atadhani kwamba faida itapungua lakini itabaki, kwa kuwa sita ni zaidi ya nusu. Haibaki. Mkulima anayetii utabiri huo atapata Sh138,000, pungufu ya zile Sh140,000 ambazo angepata kwa kuziba masikio. Aliyefuata ushauri amepata hasara ya Sh200 kwa msimu, ijapokuwa mshauri wake alisema kweli mara nyingi kuliko alivyokosea.

Hesabu hiyo hiyo hufichua jambo jingine. Katika mfano huu, kubadilisha mbegu kunalipa pale tu uwezekano wa msimu mbaya unapozidi takriban asilimia 52. Utabiri wa msimu, nao, haitolewi kama hukumu. Hutolewa kwa mafungu matatu: mvua ya juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida, kila fungu likipewa uwezekano wake. Wataalamu wakitangaza kwamba uwezekano wa mvua chini ya kawaida umefika asilimia 45, hiyo ni habari nzito kisayansi, maana fungu hilo kwa kawaida hupewa theluthi moja tu. Lakini kwa mkulima huyu, ikiwa mvua chini ya kawaida ndiyo msimu wake mbaya, haitoshi kumgeuza. Jirani yake mwenye deni na watoto wa kulisha huenda akageuka kwa asilimia 35. Taarifa ni moja, thamani ni mbili, na mtabiri hana la kulaumiwa.

Watafiti wamekwisha kuyapima mambo haya katika ardhi ya Ukambani yenyewe. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2009 ulitumia rekodi za hali ya anga za Katumani, karibu na mji wa Machakos, na za Makindu, kusini zaidi kando ya barabara ya Mombasa. Kompyuta iliigiza ukuaji wa mahindi msimu baada ya msimu, kana kwamba mkulima amepewa utabiri kabla ya kupanda na kupanga kwa mujibu wake idadi ya mimea na kiasi cha mbolea. Faida ilionekana kote kuwili, ila Katumani ilikuwa kubwa kuliko Makindu. Umbali wa mwendo wa saa chache kwa matatu umetosha kubadilisha bei ya habari ile ile. Anayesoma tarakimu moja iliyotolewa kwa nchi nzima, au kwa bara zima, afadhali aikumbuke barabara hiyo.

Msimu nao huleta tofauti. Mvua ya vuli hutabirika vyema kuliko masika kwa sababu inafungamana na joto la bahari. Pasifiki ikipata joto la El Nino, na hasa upande wa magharibi wa Bahari Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, pepo huleta unyevu mwingi pwani ya Afrika Mashariki. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1997, 2019 na 2023. Bahari hubadilika polepole, kwa hiyo dalili huonekana miezi kadhaa mapema. Masika haina kamba nene kama hiyo ya kushikilia, na utabiri wake wa miezi mitatu umewatoa jasho wataalamu kwa miongo. Hesabu inayochukua ubora wa utabiri wa vuli na kuutumia kwa mwaka mzima itampa mkulima wa masika faida ambayo hataiona ghalani.

Kuna pia swali la mahali pa kuanzia. Vielelezo vingi humchukulia mkulima asiyepata utabiri wa serikali kama mtu aliye gizani. Ukweli ni kwamba hajawahi kuwa gizani. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kusoma mienendo ya mvua kutokana na miti, ndege na wadudu, na katika miaka ya 2000 wataalamu wa hali ya anga waliketi na wazee wake ili kulinganisha utabiri wa pande zote mbili kabla ya kuutangazia umma. Katika hesabu za uchumi, kilicho muhimu hapa ni kile ambacho utabiri wa kisasa unaongeza juu ya kile ambacho watu wanakijua tayari. Mchumi anayekisahau ataandika faida ambayo nusu yake ilikuwapo kabla ya mradi wake kuzaliwa.

Njia nyingine ya kupima ni kuwauliza watu wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa habari za mvua. Inafaa, lakini ina udhaifu wake. Maskini hutaja kiasi kidogo kwa sababu mfuko wake ni mtupu, hata kama habari hizo zingeokoa mavuno yake, naye mwenye uwezo huweza kutaja kiasi kikubwa ili kumfurahisha anayeuliza. Isitoshe, utabiri ukitangazwa redioni hauwezi kuuzwa kwa mmoja na kunyimwa mwingine. Ndiyo maana ni vigumu kuuachia soko, na ndiyo maana gharama yake huiangukia serikali.

Katika miaka ya karibuni wachumi wameanza kuacha kompyuta na kwenda mashambani. Katika jimbo la Telangana, India, watafiti walichukua vijiji 250 na kugawa kwa bahati nasibu vile vitakavyopewa utabiri wa siku ya kuanza kwa mvua za monsuni na vile ambavyo havitapewa. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2024 yalionyesha kwamba wakulima walioambiwa habari mbaya kuliko walivyotarajia walipunguza ardhi waliyolima, nao walioambiwa habari njema waliongeza matumizi ya pembejeo. Uzuri wa jaribio hilo ni kwamba linapima watu walivyotenda, wakiwa na deni na jembe la kweli, wala si vile kielelezo kinavyodai wangetenda.

Kwani kati ya kusikia na kutenda kuna mabonde. Na turejee kwa ile ekari ya mfano na utabiri wake mzuri wa mara nane katika kumi, wenye faida ya Sh2,700. Katika wakulima 100, na ichukuliwe kwamba 60 wanausikia, wengine wakikosa kwa kuwa betri ya redio imekwisha au taarifa imesomwa kwa lugha wasiyoielewa sawasawa. Nusu ya waliosikia wanauamini, wamebaki 30. Nusu ya walioamini wanapata ile mbegu nyingine dukani kwa wakati na wana fedha za kuinunua, wamebaki 15. Faida ya wastani kwa wakulima wote 100 si Sh2,700 tena. Ni Sh405.

Na hata hao 15 wakiongezeka, mambo mengine hubadilika. Kila mtu akiongeza mahindi kwa kuwa msimu utakuwa mzuri, gunia huporomoka bei sokoni. Mnunuzi wa unga mjini hufurahi, mkulima hununa, na kielelezo cha shamba moja hakikuona hata moja kati ya hayo. Kuzidisha faida ya ekari moja kwa idadi ya ekari za nchi ni kosa linalojirudia mno katika ripoti za miradi.

Wafugaji wanalijua tatizo hilo kwa uchungu zaidi. Mwenye ng'ombe akisikia kwamba ukame unakuja, uamuzi wa busara ni kuuza baadhi wangali na nyama mwilini. Lakini majirani wote wamesikia habari hiyo hiyo, na soko la mifugo likijaa siku moja, bei huanguka kabla ya nyasi kukauka. Tathmini iliyofanywa na Serikali ya Kenya na washirika wake ilikadiria kwamba ukame wa kati ya 2008 na 2011 uliigharimu nchi Sh968.6 bilioni, sehemu kubwa ikiwa sekta ya mifugo. Katika ukame uliofuata misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa kaskazini na mashariki mwa nchi. Utabiri haukukosekana. Mashirika ya kanda yaliendelea kutoa tahadhari msimu baada ya msimu.

Mfano ulio mzito kuliko wote upo ng'ambo ya mpaka. Kuanzia Agosti 2010, wataalamu walionya kwamba La Nina ingeleta ukame katika Pembe ya Afrika. Misaada mingi ilianza kumiminika baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa kusini mwa Somalia mnamo Julai 2011. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa. Vita na vizuizi dhidi ya misaada vilichangia pakubwa, na si haki kuusukumia ukame peke yake mzigo huo. Lakini kwa kanuni ya Ångström, onyo la Agosti 2010 lilikuwa na thamani kubwa mno kwenye karatasi, na ndogo mno pale ambapo lingehesabika.

Jibu mojawapo limekuwa kuufunga utabiri na fedha moja kwa moja, ili anayetakiwa kutenda asisubiri mkutano wa wahisani. Huko Marsabit, Januari 2010, ilianzishwa bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho. Malisho yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Serikali ilianzisha mpango wake wa aina hiyo mwaka wa 2015. Katika hesabu za uchumi, bima hiyo hufanya kazi ambayo taarifa tupu haiwezi: humpa mfugaji uwezo wa kununua majani na dawa badala ya kuujua tu msiba unaokuja.

Kwa upande wa mafuriko, hesabu huonekana nyepesi zaidi. Tume ya kimataifa kuhusu kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ilikadiria mwaka wa 2019 kwamba onyo la saa 24 kabla ya dhoruba au joto kali hupunguza uharibifu kwa asilimia 30, na kwamba dola 800 milioni zikitumiwa kwa mifumo ya tahadhari katika nchi zinazostawi zitaepusha hasara ya kati ya dola bilioni tatu na 16 kila mwaka. Tarakimu hizo zimenukuliwa kila mahali. Upana wake, kutoka tatu hadi 16, haunukuliwi kwa bidii hiyo, ilhali ndio unaosema ni mangapi yanayotegemea mtu wa mwisho kupokea onyo.

Kenya ilipata fundisho lake. Mnamo 2023 wataalamu walitoa tahadhari kuhusu El Nino, lakini ilipofika Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba mvua itakuwa nyingi ila haitafikia kiwango cha maafa kilichohofiwa. Wiki chache baadaye Mandera, Garissa, Tana River na Mombasa zilikuwa majini, na zaidi ya watu 100 walikufa katika msimu huo. Masika ya 2024 yakaua zaidi ya 200. Hakuna kielelezo chenye mahali pa kuandika kauli ya kiongozi, ijapokuwa neno moja jukwaani laweza kufuta kazi ya miezi ya rada na kompyuta.

Mgawaji wa bajeti bado anangoja jibu lake, na ule mfano wa ekari moja unaweza kumpa hata tarakimu. Shilingi za ziada zikielekezwa kwa vyombo na sayansi hadi lile onyo la bure likaondoka, faida ya mkulima anayefuata utabiri itapanda kutoka Sh2,700 hadi Sh4,200. Kwa kuwa wanaoufuata ni 15 katika 100, wastani wa wote utapanda kwa Sh225. Shilingi hizo hizo zikielekezwa kwa redio za lugha za mashinani, maafisa wa kilimo na mbegu madukani, hadi wafuasi wakawa 30, wastani utapanda kwa Sh405 bila utabiri kuboreka hata chembe. Ila mambo hayo mawili hayatengani sana mashambani: mkulima aliyepanda mbegu ya haraka kwa kutii onyo, kisha akamtazama jirani akivuna magunia ya mahindi chini ya mvua tele, si rahisi kuhesabiwa tena miongoni mwa wale 30 msimu unaofuata.